Siku moja kutoka Lisbon na mama: Fátima, Batalha na miji mingine ya safari hiyo

Swali: Mwezi wa sita nitakuwa Lisbon kwa mkutano wa kazi na nimeamua kwenda na mama yangu. Ana miaka 71, anaishi Moshi, ni mwana WAWATA (umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania) wa siku nyingi, na magoti yanamsumbua. Tuna Jumamosi moja tu ya wazi. Nimeona safari ya siku moja yenye mwongozaji inayopita Fátima (mahali pa hija ya Bikira Maria), Batalha, Nazaré na Óbidos, kuondoka saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni. Je, inafaa? Mama atapata nafasi ya kusali, au tutakimbizwa siku nzima? Na hiyo miji mingine ina lolote la kutuhusu, au twende Fátima peke yake?

Jibu: Dada yangu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama. Mtu aliyesali rozari ya Fátima maisha yake yote, kisha bintiye akamfikisha mahali penyewe, amepewa zawadi kubwa, na ndiyo maana napenda mpangilio wa siku hiyo uwe sawasawa. Jibu langu la moja kwa moja: nendeni na mwongozaji, lakini msiende miji minne. Chagueni safari yenye vituo vitatu, Fátima, Batalha na Nazaré, na kabla hamjalipa hakikisheni kwamba Fátima imepewa saa mbili na nusu au zaidi. Óbidos iacheni.

Tufanye hesabu pamoja. Lisbon hadi Fátima ni kilomita kama 125. Kutoka hapo hadi Batalha ni 20 hivi, Batalha hadi Nazaré 30 na ushei, Nazaré hadi Óbidos kama 40, na Óbidos kurudi Lisbon 80 na kitu. Barabara ni nzuri sana, lakini ukijumlisha na kuwapitia abiria wengine kwenye hoteli zao, saa nne zimekwisha mkiwa mmekaa kwenye gari. Chakula cha mchana kitakula saa nzima. Katika saa kumi mlizonunua zinabaki tano, na hizo zinagawanywa kwa miji minne. Kwa kijana anayekusanya picha si mbaya. Kwa mama mwenye magoti, ambaye kila kushuka na kupanda gari ni kazi, atafika Fátima, atawasha mshumaa, na kabla hajamaliza fumbo la pili la rozari mtaitwa kwenye gari. Nimewaona wazazi wakilia ndani ya gari kwa sababu hiyo, na hakuna picha ya Óbidos inayoweza kulipa machozi hayo.

Kwa hiyo tuanze na Fátima. Mama anaijua habari yenyewe kuliko mwongozaji yeyote, lakini wewe itakusaidia kuipanga kichwani, maana ndiwe utakayemtafsiria. Tarehe 13 Mei 1917 watoto watatu wa ukoo mmoja walikuwa wakichunga kondoo mahali paitwapo Cova da Iria. Lúcia alikuwa na miaka 10, binamu yake Francisco akikaribia 9, na Jacinta, dada yake Francisco, miaka 7. Walisema wamemwona Bibi aliyeng'aa juu ya mti mdogo, akawaomba warudi hapo kila tarehe 13 hadi Oktoba. Kumbuka hali ya Ureno wakati huo: ufalme ulikuwa umepinduliwa mwaka 1910, serikali mpya ilikuwa inalibana Kanisa, na vijana walikuwa wakipelekwa vitani. Mwezi wa nane mkuu wa wilaya ya Ourém aliwakamata watoto na kuwaweka kizuizini, ndiyo maana tokeo la Agosti, yaani kuonekana kwa Bibi huyo, halikuwa tarehe 13 bali siku chache baadaye, mahali paitwapo Valinhos. Siku ya mwisho, 13 Oktoba, umati ambao wengine waliukadiria kufikia watu 70,000 ulisimama kwenye matope na mvua, na wengi walisimulia kwamba waliona jua likizunguka. Askofu wa Leiria alichunguza kwa miaka kadhaa, akatangaza mwaka 1930 kwamba matokeo hayo yanastahili kusadikiwa.

Francisco alifariki 1919 na Jacinta 1920, wote kutokana na ile homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima na kuua watu wengi hata huku kwetu. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu tarehe 13 Mei 2017, miaka 100 kamili. Lúcia aliingia utawa, akaishi hadi 2005. Sala ambayo mama huitamka kila amalizapo makumi, ile inayoanza "Ee Yesu wangu, utusamehe dhambi zetu," ilitoka kwa watoto hawa, waliosema wamefundishwa mwezi wa saba wa mwaka ule. Mwambie mama hilo mkiwa bado njiani, ili akifika aisali akijua amesimama wapi.

Sasa namna ya kutumia muda. Waongozaji wengi huwapeleka watu kwanza kwenye basilika kubwa, kwa sababu inapigika picha vizuri. Nyinyi nendeni moja kwa moja kwenye Capelinha, kikanisa kidogo cha Matokeo. Wanakijiji walikijenga mwaka 1919, wapinzani wakakilipua kwa baruti mwaka 1922, kikajengwa upya. Leo kimo chini ya paa kubwa la kisasa, wazi pande zote, na sanamu ya Bikira Maria imesimama juu ya nguzo panapoaminika kuwa ndipo ulipokuwa ule mti mdogo. Kuna mabenchi, kuna kivuli, na mama anaweza kukaa akasali rozari nzima bila mtu kumsogeza. Risasi iliyompiga Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 13 Mei 1981 imewekwa ndani ya taji la sanamu hiyo, ila taji lenyewe huvikwa siku kuu tu.

Utaona njia nyeupe, laini, inayoteremka kuelekea kikanisani, na watu wakiipita kwa magoti, wengine wakiwa wameshika watoto mikononi. Zungumza na mama mapema juu ya njia hiyo. Mama zetu wakiona wenzao wanapiga magoti hawakubali kubaki nyuma, na magoti yakiharibika saa nne asubuhi siku yote imeharibika. Hakuna anayelazimishwa. Aitembee polepole kwa miguu, akiwa na nia ileile. Uwanja ni mkubwa mno, wa wazi, na Juni jua linachoma, kwa hiyo bebeni kofia, maji, na ikiwezekana kile kigoda cha kukunja. Mishumaa huwashwa mahali pamoja karibu na kikanisa, na moto wake ni mkali kiasi cha kuyeyusha nta ya jirani kabla hujaondoka. Washa wewe kwa niaba yake, au mshike mkono.

Basilika ya Rozari, ambayo ujenzi wake ulianza 1928 na ikatabarukiwa 1953, ina makaburi ya wote watatu. Ingieni, mama asali hapo kidogo, inatosha. Upande wa pili wa uwanja kuna kanisa jipya la Utatu Mtakatifu la mwaka 2007, lenye viti zaidi ya 8,000. Mimi huwa sihimizi wazee walivuke eneo lote hilo kwa ajili ya kanisa hilo, isipokuwa kama ndiko Misa inakoadhimishwa saa hiyo. Ratiba ya Misa iko kwenye tovuti ya kituo cha hija. Itazame wiki hiyohiyo, chagua Misa au rozari moja, kisha muulize mwongozaji kama saa zake zinaiwezesha. Akikujibu "tutaona tukifika," tafuta mwingine.

Tazama pia kalenda. Kama Jumamosi yenu inaangukia tarehe 12 au 13, Fátima itafurika mahujaji, na utaratibu wa magari unabadilika. Tarehe 10 Juni kuna hija kubwa ya watoto wa Ureno nzima. Kwa muumini hizo ni siku za baraka, lakini kwa safari ya gari dogo lenye saa zake ni tabu tupu.

Batalha iko dakika 20 hadi 25 kutoka hapo, na hapa ndipo ninapojibu swali lako la kama miji mingine inatuhusu. Inatuhusu kuliko unavyodhani, na waongozaji wengi hawawezi kukuambia kwa nini.

Tarehe 14 Agosti 1385, karibu na hapo, mahali paitwapo Aljubarrota, jeshi dogo la Ureno likiwa na wapiga upinde wa Kiingereza lililishinda jeshi kubwa la Castile, ufalme uliokuwa katika Hispania ya leo. Mfalme João wa Kwanza alikuwa ameweka nadhiri kwa Bikira Maria, na monasteri ya Batalha ndiyo malipo ya nadhiri yake. Ilijengwa kwa zaidi ya miaka 100. Ukiingia tu, mkono wa kulia, kuna kikanisa chenye kaburi la mfalme huyo na mkewe Philippa wa Lancaster, sanamu zao zimelala zikiwa zimeshikana mikono. Watu hupiga picha hiyo na kuondoka. Usiondoke. Tazama makaburi yaliyo ukutani. Mwana wao mmoja aliyelala hapo ni Henrique, ndiye aliyetuma merikebu kushuka pwani ya magharibi ya Afrika mwaka hadi mwaka. Humo pia yumo João wa Pili, ambaye kwa amri yake Bartolomeu Dias aliizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488. Miaka kumi baadaye Vasco da Gama alikuwa Mombasa na Malindi. Yaliyofuata pwani yetu, Kilwa kushambuliwa 1505, Ngome ya Yesu kujengwa Mombasa kuanzia 1593, mamlaka ya Wareno yaliyokwisha 1698 Waomani walipoitwaa ngome hiyo, mizizi yake imelala katika chumba hiki kimoja. Mtu wa pwani akisimama hapo anasimama mbele ya watu walioigeuza njia ya bahari yake.

Kisha nendeni kwenye ukumbi wa mikutano wa watawa. Paa lake la mawe lina upana wa mita 19 kila upande na halina nguzo hata moja katikati. Husimuliwa kwamba liliogopwa sana, hata wafungwa waliohukumiwa kifo ndio waliotumika kulimalizia. Lakini mimi huwapeleka watu pale kwa sababu ya kaburi lililo sakafuni, lenye walinzi na taa isiyozimwa. Ni kaburi la Askari Asiyejulikana, na wamo wawili: mmoja aliletwa kutoka Flanders, Ulaya, na wa pili kutoka Msumbiji. Walizikwa hapo mwaka 1921.

Huyo wa pili alitoka katika vita vya kwetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Ureno na Ujerumani zilipigana kwenye mto Ruvuma. Wareno walivuka mto mwaka 1916 na kuishika Newala kwa wiki chache kabla ya kufukuzwa. Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka kuelekea kusini na kuwashinda huko Negomano, akajipatia silaha na chakula cha kuendeleza vita. Katika kampeni hiyo pande zote zilibebewa mizigo na Waafrika, wapagazi wasio na idadi, waliokufa kwa njaa, kuhara na kuchoka, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Wamakonde, Wayao na Wamakua wa pande zote mbili za mto walilipa gharama ya vita ambavyo havikuwa vyao. Batalha hakuna kaburi lao. Lakini sijui mahali pengine katika njia ya watalii ya Ureno ambapo vita vile vya kusini mwa Tanganyika vinakumbukwa kwa taa inayowaka mchana na usiku. Mwongozaji atawapa dakika tano. Muombe kumi, na mama awasalie wote, wenye kaburi na wasio nalo.

Mwisho wa Batalha ni vile vikanisa visivyokamilika. Mfalme Duarte alivianza kwa ajili ya kaburi lake, wajenzi wakaendelea hadi wakati wa Mfalme Manuel, wakachonga mlango ambao ukiutazama karibu utadhani jiwe limefumwa kama ukili. Kisha kazi ikasimama. Manuel alihamishia macho na fedha zake Lisbon, kwenye monasteri mpya ya Jerónimos, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kwa kodi ya biashara iliyotoka katika bahari za mbali, Bahari ya Hindi ikiwemo. Hadi leo ndani unatazama juu na kuona mbingu. Kanisa kuu huingiwa bila malipo, sehemu hizi nyingine zina tiketi, na safari nyingi hazijumuishi tiketi hiyo ndani ya bei. Uliza, kisha lipa. Sakafu ni tambarare na mama hatapata shida.

Nazaré mtafika na njaa. Kuleni samaki, Juni ni msimu wa dagaa wakubwa wa kuchoma, na ufukweni bado utaona kina mama wakianika samaki waliopasuliwa kwenye vichanja vya wavu, jambo ambalo mama hatahitaji kutafsiriwa. Baadaye gari litapanda Sítio, sehemu ya juu ya mji, kwenye mwamba wa mita zaidi ya 100 juu ya bahari. Hapo kuna kikanisa kidogo cha kumbukumbu. Hadithi yake inasema mwaka 1182 mtu wa cheo aitwaye Dom Fuas Roupinho alikuwa akimfukuza paa katika ukungu, paa akatumbukia baharini, naye akamwita Bikira Maria na farasi akasimama ukingoni. Mapokeo ya mji yanasema Vasco da Gama alikuja kusali hapa kabla ya safari yake ya India. Kanisa lenyewe liko hatua chache tu, lina sanamu ndogo ya Bikira Maria mweusi akimnyonyesha Mtoto. Mama ataipenda. Kuhusu mawimbi makubwa yaliyoupa mji huu umaarufu, lile la mita 26.21 lililopandwa mwaka 2020 na mengine, hayo ni ya Oktoba hadi Machi. Juni bahari imetulia, kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kwa ajili ya mawimbi.

Óbidos nimesema muiache, na sisemi hivyo kwa kuidharau. Ni mji mzuri ndani ya ukuta wake wa kale. Afonso Henriques aliuteka kutoka kwa Waislamu mwaka 1148, na baadaye Mfalme Dinis aliutoa kwa mkewe Isabel, ambaye mama anamjua kama Mtakatifu Elizabeti wa Ureno. Lakini njia zake zote ni mawe ya mviringo yanayoteleza, zinapanda na kushuka, na ukuta wenyewe hauna kizuizi cha kushika. Muda wa wageni huishia kwenye maduka na kwenye pombe ya matunda inayouzwa katika vikombe vya chokoleti. Siku nyingine ukiwa peke yako, panda basi kutoka Lisbon. Ni kama saa moja tu.

Sasa, kuhusu kuchagua kampuni. Tafuta gari dogo la abiria wanane badala ya basi la watu 50, kwa sababu basi hushusha watu mbali na huondoka kwa saa bila huruma. Uliza mwongozaji atasema lugha ngapi. Akiwa anarudia kila jambo kwa Kiingereza, Kihispania na Kifaransa, wewe hutapata pumzi ya kumtafsiria mama. Andika kwenye ujumbe wa kuweka nafasi kwamba una mzee mwenye shida ya magoti, uombe kiti cha mbele, na uulize kama gari lina ngazi ya kupandia. Bega na magoti viwe vimefunikwa makanisani. Kanga ya mama itafaa kuliko nguo yoyote ya safari, na asubuhi ya Juni Fátima inaweza kuwa na baridi.

Kuna njia nyingine ambayo, kama ruhusa ya kazi inaruhusu, ningeipendelea kuliko zote. Ijumaa jioni pandeni basi kutoka kituo cha Sete Rios, saa moja na nusu mko Fátima, na kituo cha basi kiko karibu na uwanja wa hija. Msipande treni: stesheni iitwayo Fátima iko kilomita kama 20 kutoka mahali penyewe. Laleni kwenye hoteli ya jirani. Saa tatu na nusu usiku, kuanzia Pasaka hadi Oktoba, rozari husaliwa kikanisani kwa lugha mbalimbali, kisha hufuata maandamano ya mishumaa, na uwanja mzima unaimba Ave, Ave, Ave Maria, kibwagizo ambacho mama atakiitikia bila kuhitaji kitabu. Safari za siku moja zote huwa zimesharudi Lisbon saa hiyo. Watu niliowapeleka hawakumbuki sana basilika. Wanakumbuka usiku ule. Jumamosi asubuhi mama anasali bila haraka, mchana mnachukua teksi hadi Batalha, na jioni mnarudi.

Lisbon kwenyewe, mkipata saa mbili, mpeleke mama kwenye kanisa la Mtakatifu Antoni, karibu na kanisa kuu la jiji. Huyu tunayemwita wa Padua alizaliwa hapo, na Juni ni mwezi wake. Usiku wa tarehe 12 jiji zima huwa barabarani. Na wewe nakuomba utafute Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, uulize Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, iliyokamilika mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Vasco da Gama aliichukua kwa vitisho kutoka kwa mtawala wa mji huo mwaka 1502, kama kodi, na mwaka uliofuata akaifikisha Lisbon. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti humo, kila mmoja ametiwa rangi kwa ustadi wa ajabu, na lebo ya ukutani haitakueleza Kilwa ilikuwa mji wa namna gani. Mweleze mama wewe. Makumbusho hayo hufungwa Jumatatu na huwa na vipindi vya ukarabati, kwa hiyo hakikisha yako wazi kabla ya kuita teksi.